Asubuhi 36 chini ya koili

Nianze na nyota ili wenye haraka waondoke nazo: tatu na nusu kati ya tano. Ile nusu iliyokatwa ina kesi yake, nitaifikia. Kliniki siitaji jina. Iko kaskazini mwa jiji la Columbus, Ohio, ukishatoka tu kwenye barabara ya mzunguko ya 270, chini ya jengo ambalo juu yake kuna daktari wa meno na ofisi ya watu wa kodi. Huduma yenyewe ni tiba ya sumaku ya ubongo. Hapa wanaiita kwa herufi tatu tu, TMS. Mgonjwa ni binti yangu wa miaka 16, na ugonjwa ni sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Amesoma maneno haya kabla yenu. Sehemu mbili amezifuta, na moja amenirekebisha Kiswahili, jambo ambalo sikulitegemea kwa mtoto aliyekulia Ohio.

Namwita mama, kwa kuwa amebeba jina la mama yangu. Mama mzazi mwenyewe yuko Tanga, humu nitamwita bibi, msije mkachanganyikiwa.

Mimi si daktari. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa fundi wa kusuka mota pale Ngamiani, Tanga: mota za mashine za kusaga, pampu, feni, chochote kilicholetwa kinanuka moshi. Hapa nabeba boksi, na wala sisemi kwa ule utani wetu wa ughaibuni. Ni maboksi kweli, ghalani, kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mke wangu anaingia zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee. Ndiyo maana dereva wa safari zote thelathini na sita nilikuwa mimi.

Ugonjwa ulianza kama uvivu. Ndivyo tulivyouita nyumbani, na kwa neno hilo nimeshamwomba radhi. Mtoto aliyekuwa akichora hina mpaka mabinti wa jirani wanapanga foleni jikoni kila Idi, Idi ya 2024 alifunga mlango akasema mkono unauma. Mkono haukuwa unauma. Alikuwa analala saa kumi na tatu kwa siku na anaamka kachoka. Shuleni alama zikaporomoka. Halafu kuna jioni moja alimwambia mama yake sentensi ambayo ndiyo mojawapo ya sehemu alizofuta, na kesho yake tukawa kwa daktari.

Kwetu tulikuwa tunasema mtu "ana mawazo", basi, na mwenye mawazo anaambiwa atoke nje achangamke. Neno sonona nililizoea nikiwa mtu mzima, kwenye redio. Bibi alipopigiwa simu alisema mtoto aletwe asomewe, na tangu siku hiyo akaanza kumwandalia kombe, yale maji ya kuoshea aya za Kurani, huku akisikitika kwamba posta haibebi. Sikumbishia. Nilimwambia, "Shikamoo mama, wewe endelea na dua, sisi tunaendelea na hospitali, mlango wa Mungu una upana wa kupita wote."

Dawa alianza na fluoksetini, wiki kumi, kisha wakambadilishia esitalopramu. Kwa sonona ya vijana hapa Marekani hizo mbili ndizo zenye kibali rasmi: ya kwanza tangu miaka 8, ya pili tangu miaka 12. Zinakuja na onyo ndani ya kisanduku cheusi, lililowekwa mwaka 2004, kwamba kwa vijana mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka mwanzoni, kwa hiyo wazazi wakae macho. Tulikaa macho. Mke wangu alilala chumbani kwake mwezi mzima, godoro chini. Pia alikuwa na mtaalamu wa tiba ya mazungumzo kila Alhamisi. Alipata nafuu ya robo, labda. Alikuwa anakula. Lakini alikuwa kama mota inayovuma bila kuzunguka. Fundi anaijua sauti hiyo, umeme unafika ila ekseli imegoma.

Daktari wake ndiye aliyetaja sumaku. Kwa watu wazima ipo siku nyingi, FDA, ile mamlaka yao ya chakula na dawa, ilitoa kibali Oktoba 2008. Kwa vijana kibali cha kwanza kilitoka Machi 2024, kwa mashine inayoitwa NeuroStar, kwa wa miaka 15 hadi 21, na kwa sharti kwamba iwe nyongeza juu ya tiba nyingine, isiwe badala yake. Kampuni yetu ya bima ilikataa mara ya kwanza kwa sababu ya umri. Daktari akaandika barua, wakakataa, akaandika nyingine. Hadithi hiyo ni ndefu na haina faida kwa msomaji. Ilikula miezi miwili na nusu. Mwishowe wakakubali, sisi tukachangia dola 40 kila tunapoingia. Mara 36, hesabu ni dola 1,440. Kwa mbeba boksi hiyo si pesa ya kusahau mfukoni.

Sasa mashine, na hapa mniruhusu nikae kidogo, maana ndipo nilipojiona nina akili.

Mtu akikwambia sumaku ya ubongo, unawaza sumaku ya spika imebandikwa kichwani. Sivyo. Ni koili. Waya wa shaba umesukwa, mara nyingi kwa umbo la nane, ukafungiwa ndani ya plastiki nene. Nyuma yake kuna kapasita zinazojazwa umeme kisha zinauachia wote kwa mkupuo mmoja, kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sumaku inazaliwa na kufa hapo hapo. Kwa kitambo hicho nguvu yake inafika kama tesla moja na nusu (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), sawasawa na mashine nyingi za MRI, zile za kupiga picha za ndani ya mwili. Kinachofuata kila fundi wa transfoma anakijua: sumaku inayobadilika haraka huzaa umeme kwenye kitu kipitishacho umeme kilicho jirani, bila waya kugusana. Michael Faraday alilionyesha hilo London mwaka 1831, nami nimelishia watoto kwa jambo hilo miaka kumi na moja. Tofauti ni kwamba safari hii waya wa pili wa transfoma ni ubongo wa mwanangu.

Fuvu haliizuii sumaku. Inapita kama sentimita mbili au tatu, inafika kwenye ganda la ubongo, inazaa umeme kidogo, neva zinaitika. Watu wa kwanza kufanya hivyo kwa koili juu ya kichwa cha mtu wakaona mkono unaruka walikuwa Anthony Barker na wenzake, Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Kwa sonona wanalenga sehemu ya mbele upande wa kushoto, ambayo kwa wagonjwa wengi inafanya kazi kwa uzito, na ambayo imeunganika na sehemu za ndani zinazoshika hisia.

Wale mtakaoniuliza: hapana, si ile ya kupigwa shoti. Ile ni tiba nyingine, mtu analazwa usingizi wa dawa na anapewa degedege kwa makusudi. Huyu wangu alikaa macho muda wote, kwenye kiti kama cha kinyozi, na tukimaliza anakwenda shule kipindi cha pili.

Siku ya kwanza ndiyo ndefu. Kwanza maswali ya chuma: una chuma chochote kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, klipu ya mshipa, umewahi kuanguka kifafa? Kisha wakampima kichwa kwa utepe, wakaweka koili juu kidogo ya sikio, kushoto, wakaanza kupiga pigo moja moja. Wanatafuta kidole gumba cha mkono wa kulia. Pigo la kwanza kimya, la pili kimya, wanaongeza nguvu, mara kidole kikaruka. Chenyewe! Mama akakitazama kama mtu aliyeona panya juu ya goti lake. Kikaruka tena. Akasema kwa Kiingereza cha chini kabisa kwamba si yeye. Fundi wa mashine, mama mmoja wa Kifilipino mwenye sauti ya upole, akamwambia ndiyo, si wewe, ni sisi. Kiwango kinachorusha kidole ndicho kipimo chake. Tiba wanaipiga kwa asilimia 120 ya hapo, na koili inasogezwa mbele kama sentimita tano na nusu.

Nikaomba wanifungulie nione walivyosuka. Wakacheka. Nilikuwa sitanii.

Sauti ndiyo hakuna anayekuandaa nayo. Koili inapopitisha umeme mkali hivyo, waya wenyewe unasukumana ndani, unagonga. Kwa hiyo wote mliomo chumbani mnavaa vizibo vya masikio. Ni kama fundi cherehani wa barazani: anashona kwa kasi sekunde nne, anasita sekunde kumi na moja, anashona tena. Kila mshono mapigo arobaini. Nilihesabu kwa tasbihi, mishono sabini na tano, mapigo elfu tatu, dakika kumi na nane na sekunde arobaini na tano. Siku zote. Mashine haikuwahi kunidanganya hata pigo moja, na kama ningepewa kuipa nyota yenyewe peke yake kwa kazi ya ufundi, ningeipa tano.

Wiki ya kwanza iliuma. Wanasema "kama kudonolewa", mama alisema ni kama mtu anakupiga kwa ncha ya kidole kwenye mfupa uleule. Kope la kushoto lilikuwa linarukaruka. Kichwa kilimuuma siku tatu, akameza dawa ya maumivu, siku ya nne kikaacha. Hatari kubwa wanayokuonya nayo ni degedege, ambayo ni chini ya mtu mmoja kwa elfu, na ndiyo sababu kila asubuhi kabla ya kuketi wanauliza yale yale: umelala saa ngapi, umekunywa nini, kuna dawa mpya? Walitupa pia karatasi yenye namba 988, ile ya kupiga mtu akizidiwa na mawazo ya kujidhuru saa yoyote. Bado iko kwenye friji.

Na hakuna kilichotokea. Wiki ya kwanza, ya pili. Kila wiki anajaza fomu ya maswali tisa, kila swali sifuri mpaka tatu, jumla ya juu kabisa 27, na ikipanda ndivyo hali ilivyo mbaya. Alianza na 21. Baada ya mapigo elfu thelathini akawa na 20.

Ukutani pale mapokezi kuna bango: asilimia 78 ya vijana walipata nafuu ya maana. Namba hiyo ni ya kweli, inatoka kwa watengenezaji, kwenye kumbukumbu za vijana waliokwisha kutibiwa, na ndizo FDA ilizozitazama mwaka 2024. Lakini fundi ana tabia mbaya. Akiletewa mota mpya ya miujiza anauliza: umeilinganisha na nini? Usiku mmoja, mapumziko ya saa nane, nimekaa juu ya boksi la sabuni, nikasoma utafiti mwingine, uliochapishwa 2021. Walichukua vijana 103 wa miaka 12 hadi 21 ambao dawa ziliwashinda, wakawagawa. Wengine wakapigwa na koili ya kweli, wengine na koili ya danganya toto: inagonga vilevile, inatetemeka vilevile, sumaku yake haifiki popote. Mara thelathini kila mmoja, wiki sita. Waliopata nafuu kubwa kwa koili ya kweli: asilimia 41.7. Kwa danganya toto: asilimia 36.4.

Niliisoma mara tatu. Tofauti hiyo watafiti wenyewe waliihesabu si kitu.

Nilirudi kazini nikapakia maboksi vibaya mpaka msimamizi akaja. Dola 1,440, theluji, usingizi wa saa tatu, kwa tofauti ya watu watano kati ya mia?

Kesho yake nikamuuliza daktari wa kliniki, na hapa nampa haki yake: hakukunja uso wala hakuniuliza mimi nani. Alisema utafiti huo anaujua. Alisema kwa watu wazima koili ya kweli imeishinda ya uongo mara nyingi, ila vijana wana tabia ya kupata nafuu hata kwenye kundi la danganya toto, na hilo limewasumbua hata waliopima vidonge. Akasema vijana wa utafiti ule hawakuwa wakimeza dawa za sonona, wakati binti yangu anapigwa huku anameza na anazungumza na mtaalamu. Halafu akasema sentensi iliyonishinda kujibu: fikiria hao wa danganya toto walipewa nini. Waliamshwa kila asubuhi wiki sita. Mtu mzima aliwaendesha. Mtu mwingine aliwapokea kwa jina, akawauliza wamelalaje, akakaa nao. Kijana mwenye sonona anapata wapi hivyo vyote?

Nilitaka kumwambia basi nirudishieni hela niwe namzungusha mjini kwa gari. Sikumwambia. Lakini bango lile, kwa maoni yangu, linapaswa kuwa na bango la pili pembeni yake. Nyota ya kwanza niliyokata ni hiyo.

Wiki ya tatu yule mama wa Kifilipino akapangiwa tawi lingine, akaja kijana mpya. Mcheshi, ana haraka. Siku yake ya pili mama akaanza kushikwa taya. Kila mshono kidevu kinatikisika, machozi yanamtoka, na yeye hasemi, maana sonona imemfundisha kutosema. Mimi niliona. Kiti kina namba pembeni na koili ina namba zake kwenye mkono wake, za kuonyesha vikae wapi, na mimi nilikuwa nimezikariri kama namba za mota ya mteja. Moja haikuwa ile. Nikainua mkono, nikaambiwa kwa adabu kwamba mzazi anaombwa asiingilie tiba. Nikasimama. Nadhani Kiingereza changu kikawa kibovu zaidi na sauti ikawa kubwa zaidi. Akaja daktari, akatazama faili, akatazama kiti, akasema wapime upya. Walipopima, taya likatulia. Waliomba radhi, na siku hiyo hawakuchukua ile arobaini. Mzazi mwenzangu, kariri namba. Hata kama hujawahi kugusa mota, kariri namba.

Sasa niwaambie habari ya eksiti.

Ilikuwa asubuhi ya kumi na tisa, Februari, barafu ya kijivu kando ya 270. Nilikuwa natoka ghalani moja kwa moja. Kwa asubuhi kumi na nane huyu mtoto alikuwa ameketi pembeni yangu kama begi. Kofia ya jaketi machoni, mikono ndani ya mikono. Nikimsalimia anajibu kwa kichwa. Nikifungua redio sawa, nikizima sawa. Siku hiyo macho yalinipotea kidogo, si usingizi kamili, ule wa kusimama, na nikasikia sauti:

"Baba, umepita."

Nikashtuka. "Nimepita nini, mama?"

"Eksiti yetu. Umeipita. Sasa itabidi tuzunguke mpaka kule kwenye duka la matairi." Akanyamaza kidogo. "Na umenuka ghala."

Nilizunguka pale kwenye duka la matairi polepole mno, mpaka wa nyuma akanipigia honi. Tulichelewa dakika kumi na mbili. Nilimsimulia mke wangu kwa simu nikiwa kwenye maegesho, naye akanitaka nirudie neno kwa neno, hasa lile la kunuka.

Wiki hiyo fomu ilisema 17. Iliyofuata 14. Haikuwa mteremko mzuri. Iliwahi kurudi 16 baada ya mtihani wa hesabu.

Ramadhani ilituingilia mwanzoni mwa Machi, wakati bado tuna siku kadhaa za tiba ya kila siku. Mama akasema atafunga. Nikafurahi, kisha nikakumbuka swali la kila asubuhi: umelala saa ngapi? Kukosa usingizi kunaongeza uwezekano wa degedege, na kuamka daku saa kumi alfajiri si kulala. Pale kliniki hakuna aliyekuwa amewahi kuulizwa jambo hili. Yule kijana mcheshi alidhani ni aina ya kupunguza mwili. Daktari alisikiliza, akasema njaa haimtishi, usingizi ndio unaomtisha. Nikampigia bibi kupeleka shauri.

"Mwanangu," akasema, "mgonjwa ana ruhusa, mbona unaniuliza la kitabuni? Atalipa akipona. Na mwambie asijione kapungukiwa, hayo matibabu yenyewe ni ibada ya baba yake."

Bibi huyu tangu siku ya kwanza alikuwa anakaa kwenye mkeka baada ya swala ya alasiri, saa kumi na nusu ya Tanga, ambayo ni saa mbili na nusu asubuhi ya hapa, mjukuu anapoketi kwenye kiti. Wamarekani waliposogeza saa mbele tarehe 9 Machi, muda wake ukarudi saa tisa na nusu. Akalalamika: "Nyie huko mnabadilisha mpaka saa za dua?" Naye akasogeza.

Baada ya asubuhi thelathini za mfululizo wanakupunguzia: wiki moja mara tatu, inayofuata mara mbili, ya mwisho mara moja. Mapigo laki moja na elfu nane, nimeyaandika kwenye daftari. Ya mwisho ilikuja siku mbili baada ya Idi. Tuliwapelekea visheti, na yule kijana mcheshi alikula vinne amesimama.

Na Idi yenyewe? Msisubiri sinema. Mabinti wawili walikuja jikoni, si foleni. Mama akawachora hina, mikono ya mbele tu, maua makubwa yasiyo na kazi nyingi ndani. Wa tatu alipobisha hodi akasema amechoka, akaenda kulala saa kumi na mbili jioni. Mke wangu na mimi tulibaki na yule wa tatu, mtoto wa Kikongo wa ghorofa ya juu, tukampa juisi. Fomu ya mwisho ilikuwa 9. Kwa hesabu zao, ikishuka kwa nusu au zaidi wanasema mgonjwa ameitikia tiba. Ili waseme sonona imeondoka inabidi iwe chini ya 5. Kwa hiyo sisi tuko katikati ya ngazi. Esitalopramu bado anameza, Alhamisi bado anakwenda.

Wanaoniuliza kama waende: kama kijana wako ana miaka 15 au zaidi, dawa mbili na mazungumzo vimeshindwa, na una mtu wa kuendesha gari kila asubuhi kwa wiki sita bila kufukuzwa kazi, nenda. Hilo la mwisho ni gumu kuliko la bima. Uliza mapema fundi ni nani na kama atabaki yuleyule. Uliza kidole gumba watakipima tena lini, maana kipimo cha siku ya kwanza kinaweza kubadilika, hasa dawa ikibadilishwa. Usiwaruhusu wakuketishe mapokezi. Omba kiti chumbani, uvae vizibo vyako. Na usimuulize mtoto kila jioni "leo vipi, umesikia tofauti?" Niliuliza wiki mbili mfululizo mpaka akanijibu kwamba nikiuliza tena atakwenda kulala kliniki.

Fundi wa mota akirudisha mota kwa mwenyewe anaiwasha mbele yake, inazunguka, wanapeana mkono. Hapa hakuna anayewasha mbele yako. Mimi nimelipia koili na nimelipia asubuhi, vyote vimo kwenye ile 9, na risiti haikutenganisha.

Nyota nusu sasa. Tarehe fulani ya Februari theluji ilianguka usiku kucha, polisi wa kaunti wakatangaza watu wasiendeshe isipokuwa kwa dharura. Niliwapigia kliniki saa moja asubuhi, mashine ya simu ikapokea, nikaacha ujumbe. Mwisho wa mwezi ikaja bili ya dola 75, "kutofika bila taarifa". Nimewapelekea rekodi ya simu, nimewapelekea tangazo la kaunti, nimekwenda mwenyewe na visheti. Mapokezi walisema mwenye bili yuko ofisi nyingine. Ofisi nyingine walisema waulize mapokezi. Mpaka naandika haya bado nadaiwa.